Shajara si ripoti ya siku

Wateja wangu wengi wa ushauri nasaha nikiwaambia waandike shajara, wiki inayofuata wananiletea ratiba: niliamka saa kumi na moja, foleni ilikuwa ndefu, bosi kafoka, nikalala. Hiyo ni ripoti, na ripoti haimpunguzii mtu kitu.

Kipimo changu cha shajara inayosaidia nimekitoa kwa mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker. Mwaka 1986, yeye na Sandra Beall walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyojisikia walinyanyuka kwenye kiti wakiwa na huzuni kuliko walipokaa. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya juu juu. Kwa hiyo ukimaliza ukurasa koo limekukaba, usidhani umekosea. (Ila usiandike ukiwa tayari umepanda kitandani. Usingizi utausikia kwa jirani.)

Baadaye Pennebaker alichambua maandishi yenyewe. Walionufaika zaidi ni wale ambao siku hadi siku walizidi kutafuta sababu na kutambua jambo. Chukua mtu aliyeachishwa kazi. Siku ya kwanza anaandika: "Wamenidhalilisha. Miaka yote ile, wananipa bahasha getini." Siku ya nne: "Kinachoniuma si kazi, maana nilishaichoka. Kumbe naogopa kumwambia baba." Hapo nina pa kuanzia naye.

Kama wiki mbili baadaye bado yuko getini na bahasha yake, namwambia afunge daftari. Kwa watu wenye tabia ya kurudiarudia wazo lile lile, hasa waliotoka kuachana na wenzi wao, kuandika kunaweza hata kuchelewesha nafuu. Huyo anahitaji mtu wa kuongea naye. Na likikuzidi siku ile ile ya kwanza, acha, geukia jambo jingine. Pennebaker mwenyewe hushauri hivyo.

Suala la siri ndilo naulizwa kila mara, kwa sababu nyumba zetu tunazijua, chumba kimoja watu watatu. Andika kwenye karatasi, kisha ichane. Kazi imeshafanyika wakati wa kuandika. Simu nayo inafaa, lakini kama mwenzio anaijua namba yako ya siri, utajikuta unamwandikia yeye.

Sarufi achana nayo. Changanya Kiswahili na Kisukuma ukitaka, hakuna anayesahihisha.