Kazi ya kikundi cha wapigakura baada ya kura kuhesabiwa

Mwaka wa uchaguzi ukikaribia nchini Kenya, vikundi vya kutetea haki za wapigakura huchipuka kama uyoga. Fulana huchapishwa, semina hufanywa hotelini, na matokeo yakishatangazwa wengi hawaonekani tena. Sisi tunaofundisha elimu ya uraia twatamani wananchi wavijue vile vingine, vinavyokutana miaka yote mitano bila posho.

Chukua usajili. Ibara ya 88 ya Katiba ya 2010 inaitwika Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) jukumu la kuandikisha wapigakura mfululizo. Kijana aliyepata kitambulisho wiki hii hana haja ya kungoja usajili wa halaiki. Anaweza kwenda ofisi ya tume katika eneo bunge lake. Mara nyingi lakini kijana hukwamia kwenye kukipata kitambulisho chenyewe. Wanakikundi wanaojua chifu anataka karatasi gani, na walio tayari kumsindikiza, humfaa kuliko hotuba kuhusu thamani ya kura.

Siku ya kura yenyewe, kazi kubwa ni karatasi moja. Kituo cha kupigia kura hakiwi na wapigakura zaidi ya 700, na kura huhesabiwa papo hapo. Matokeo ya urais huandikwa kwenye Fomu 34A, na nakala yake hubandikwa mlangoni. Anayeipiga picha huondoka na ushahidi ambao hakuna awezaye kuubadilisha akiwa mbali. Uzito wa karatasi hiyo uliongezeka mwaka 2017, pale wanaharakati Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur walipoishtaki tume na Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye simu na subira akaweza kujijumlishia.

Masharti ya kikundi ni machache ila hayana mjadala: hakimpigii debe mgombea yeyote, na kiongozi wake akitaka kiti hujiuzulu kwanza. Kikishaonekana na rangi za chama, hata picha halali za fomu zitatiliwa shaka.

Kisha inakuja kazi ambayo waandishi wa habari hawaifuati. Serikali ya kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka ukomo wa matumizi ya kila idara, kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi wengi hujitokeza Mei kulalamikia zahanati isiyo na dawa, wakati mgao wa fedha umeshakatwa miezi mitatu nyuma. Kwa maoni yangu, maoni yaliyoandikwa Januari yana nguvu kuliko maandamano ya Juni.

Kaunti ikikatalia nyaraka hizo, kikundi kiandike barua kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala ihifadhiwe. Siku zikipita kimya, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala (Ombudsman), inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na kuyapeleka hakuhitaji wakili.