Jipu la ubongo kwenye picha za CT na MRI

Jipu la ubongo ni usaha uliojikusanya ndani ya ubongo wenyewe. Homa ya uti wa mgongo ni jambo jingine, hiyo hushika utando unaouzunguka. Mara nyingi bakteria hutoka jirani tu: sikio linalotoa usaha miezi nenda rudi, sainasi (mianya ya hewa ndani ya mifupa ya uso), jino bovu.

Dalili zake hudanganya. Kichwa kinauma, mgonjwa anatapika, anapata degedege au mkono mmoja unalegea, na homa ambayo kila mtu anaitegemea, karibu nusu ya wagonjwa hawana. Mwaka 1876 huko Glasgow, daktari William Macewen alitambua kwa dalili peke yake mahali jipu lilipo katika ubongo wa mtoto. Familia ikakataa upasuaji, mtoto akafariki, na usaha ukakutwa palepale alipopataja. CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani kipande kwa kipande, ilikuja karibu karne nzima baadaye, 1971.

Siku za mwanzo CT huonyesha doa jeusi lisilo na mpaka wa kueleweka. Baada ya wiki mbili hivi mwili unakuwa umejenga ukuta kuuzingira usaha. Mgonjwa akichomwa dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, ukuta huo unawaka kama pete, katikati giza. Upande unaoelekea vyumba vya maji ya ubongo pete huwa nyembamba zaidi, na likipasukia huko hali huwa mbaya sana.

Ila pete peke yake haitoshi. Saratani iliyooza katikati huitoa, kifua kikuu cha ubongo pia, na kimelea cha toksoplazma kwa mwenye VVU. Hapo ndipo MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inapolipa gharama yake. Kuna picha yake inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu. Usaha ni mzito kama uji uliolala, maji yamekwama humo, kwa hiyo katikati ya jipu hung'aa nyeupe. Katikati ya saratani kwa kawaida hakung'ai, ingawa zipo zinazokiuka.

Picha haitaji jina la bakteria. Kwa hilo daktari wa upasuaji huvuta usaha kwa sindano, ukapelekwa maabara kuoteshwa. Antibiotiki za mshipani huendelea wiki 6 hadi 8, picha zikirudiwa njiani. Pete hafifu inaweza kubaki miezi kadhaa hata kwa aliyepona, na hiyo peke yake si sababu ya kuongeza dawa.