Ukurutu wa mikono: kwa nini hurudi baada ya kupona

"Dawa ilinisaidia wiki mbili, kisha hali ikarudi palepale." Anayesema hivi mara nyingi hakupewa dawa mbaya, bali aliiacha mapema. Ngozi ya mkono huacha kuwasha na kuonekana laini muda mrefu kabla haijawa imara. Kinga yake ya nje huhitaji miezi kadhaa kujijenga upya.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limepangwa kama matofali, na kati ya tofali na tofali kuna mafuta yanayoziba. Sabuni huyang'oa mafuta hayo kama inavyong'oa ya kwenye sufuria. Kiganja nacho hakina tezi za kutoa mafuta, kwa hiyo hakiwezi kufidia kilichopotea. Maji yaliyo ndani ya ngozi hutoka, sabuni hupenya, muwasho huanza, na kila unapojikuna unapanua ufa. Ndiyo maana wanaoumia zaidi ni wale ambao mikono yao hushinda kwenye maji zaidi ya saa mbili kwa siku, au wanaonawa zaidi ya mara ishirini: wauguzi, wapishi, wasusi, wazazi wenye watoto wachanga.

Anza na pete. Ivue kila unaponawa, maana sabuni hujificha chini yake na mara nyingi ukurutu huanzia hapo. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, suuza hadi utelezi uishe, kausha katikati ya vidole kwa kubonyeza taulo bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando papo hapo. Losheni nyepesi yenye manukato siipendekezi: ina maji mengi, mafuta kidogo, na manukato yenyewe yanaweza kuleta mzio. Kwa kazi za maji vaa glavu, na ndani yake nyingine nyembamba za pamba. Zikikaa zaidi ya dakika 15 au 20 jasho hujaa, nalo huchokoza ngozi vilevile. Zivue, badilisha za pamba. Glavu yenye tundu ni mbaya kuliko kutovaa kabisa, kwa sababu huyafungia maji ya sabuni kwenye ngozi.

Krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) aliyokuandikia daktari pimia kwa kidole: mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo chake cha kwanza ni kama nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Kwa hiyo mikono yote miwili, mbele na nyuma, inahitaji takriban mistari miwili. Wengi hupaka robo ya hapo kwa woga, kisha husema dawa haifanyi kazi. Ngozi ya kiganja ni nene, hivyo dawa iliyofaa usoni huenda isifue dafu hapa. Na ya mkononi usiipeleke usoni. Muulize daktari kuhusu kupunguza hatua kwa hatua: ngozi ikitulia, watu wengi hubaki na siku mbili tu za dawa kwa wiki, huku mafuta ya mgando yakiendelea kila siku.

Usitegemee wekundu kama dalili. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu huonekana wa kijivu, zambarau au mweusi zaidi, na doa linalobaki baada ya kupona si ugonjwa, halihitaji steroidi.

Kama mkono mmoja tu unababuka na nyayo zote mbili zina magamba, fikiria fangasi kwanza. Steroidi huificha huku ikisambaa. Muwasho unaozidi usiku, katikati ya vidole, na wengine nyumbani wanajikuna, huo huenda ni upele unaoambukiza. Usaha, ukoko wa njano au maumivu yanayoongezeka ni dalili za maambukizi: usingoje.

Na kama umefanya yote haya kwa miezi mitatu na bado ukurutu unarudi, omba kipimo cha mzio cha kubandika mgongoni. Vibandiko hukaa saa 48, kisha ngozi husomwa, na husomwa tena siku ya nne au zaidi, kwa sababu mzio wa aina hii huchelewa kujitokeza. Nenda na orodha ya kila unachogusa: nikeli (metali iliyomo kwenye baadhi ya vito na vifungo), saruji, rangi za nywele, vihifadhi vya sabuni ya maji, hata glavu za mpira ulizonunua kujikinga.