Kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza mwezi umefika siku ya ngapi

Siku ya pili ya Idd el Fitri, saa tano asubuhi, ilifika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye gesti ninakokaa mapokezi, familia moja kutoka Dar. Walikuwa wamelipia chumba cha mbele kabisa, kile ambacho ukifungua mlango unakanyaga mchanga. Mama akaweka mkoba chini, akatazama nje, akaniuliza: "Kaka, bahari yenyewe iko wapi?"

Mbele yake palikuwa na uwanda wa mchanga na madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yakipiga mwamba. "Inarudi, mama," nikamwambia. "Jioni, saa kumi na moja na kitu, itakuwa hapa mlangoni." Hakuniamini. Alidhani namzungusha nisimrudishie pesa yake.

Kosa lilikuwa langu. Alipopiga simu nilimtajia bei, kifungua kinywa na pangaboi. Bamvua, zile siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, sikuitaja.

Ufukwe wa mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe kushuka Paje, Jambiani hadi Makunduchi, umekingwa na mwamba ulio mbali na pwani. Kati ya mwamba na mchanga ni maji mafupi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, kwa hiyo yakipwa sehemu yote ile inabaki karibu kavu. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo sana: bahari haiendi mbali, lakini pia haijai ikashiba.

Mvuvi hahitaji jedwali kuyajua haya, anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Katika siku hizo maji hapa Unguja hupwa mnamo saa nne au tano asubuhi, yakajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja ni maji mafu, na mambo yamegeuka: asubuhi maji yapo, jioni yametoka.

Sasa tazama sikukuu. Idd el Fitri ni mwezi mosi Shawwal, mwezi ndiyo kwanza umeandama. Maana yake kila Idd el Fitri, mwaka wowote, utakuta bamvua, na asubuhi bahari haipo. Idd el Hajj ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hijja, siku za maji mafu, na maji hujaa karibu na adhuhuri. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea mchana, Idd kubwa inamfaa zaidi. Nimekaa mapokezi miaka mingi, na sijawahi kusikia mgeni akiuliza hili.

Asiyetaka hesabu hizi aende Nungwi au Kendwa. Kule kina kiko karibu na pwani, unaogelea karibu saa yoyote, na ndiyo sababu vyumba ni ghali na watu wamejaa. Mimi nabaki mashariki, na si kwa sababu ya mshahara tu. Bamvua ikipwa ndipo wanawake wa mwani wanapoingia mashambani mwao, vigingi na kamba vikionekana, na ndipo unapoweza kutembea mpaka ukasikia mwamba unanguruma. Vaa yeboyebo, kuna wale wanyama wa baharini weusi wa miiba mirefu. Ukichomwa, wenyeji watakupaka utomvu wa papai bichi. Na usikanyage kamba za watu wala usiwapige picha bila kuwaomba, wako kazini.

Baada ya mwezi, upepo. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na upande wa mashariki unaupokea usoni. Likizo ya Juni na Julai chumba cha mbele hakihitaji kiyoyozi. Fungua dirisha, ulale na shuka. Ila mchanga utaingia, na boti ya kutoka Dar itayumba. Kaa chini, upande wa nyuma, na usipande umeshiba. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, joto ni kali, na hapo ndipo uulize dirisha la chumba linatazama wapi. Chumba kizuri kilichozibwa na ukuta wa jirani ni tanuri. Kama una hela ya ziada, Desemba ilipe kwenye kiyoyozi, usiilipe kwenye mandhari.

Kiyoyozi kinataka umeme. Wetu unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka Bara, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Waliokuwa na gesti wakati ule hawajasahau. Uliza kama jenereta ipo, na kama inawashwa usiku kucha au mpaka saa nne tu.

Maji ya bomba, vijiji vingi vya mashariki, yana chumvi chumvi. Hayadhuru ngozi, lakini sabuni haitoi povu, na dada aliyesuka nywele juzi atanuna. Ndoo moja ya maji matamu ya kusuuzia inapatikana ukiiomba mapema. Ukija Ramadhani, kula ndani ya gesti. Barabarani mchana hapana.

Kwa hiyo ukipiga simu kuweka chumba, taja tarehe zako kisha uliza: siku hizo maji yanajaa saa ngapi? Mhudumu anayekaa pwani atajibu papo hapo, au atasema "subiri nimuulize mzee," naye mzee atajua. Akikwambia "bahari ipo muda wote, kaka," tafuta gesti nyingine.