Mtu wa Mbele: Miaka ya Hendra Setiawan kwenye Mchezo wa Wawili Wawili

Mzazi mmoja alinifuata juzi baada ya mazoezi, ameshika mkoba wa raketi wa mwanawe. "Samahani Kocha," akasema, "huyu kijana akipiga smashi, lile pigo kali la kuelekea chini, ukumbi mzima unageuka kutazama. Mbona umemweka pale mbele kwenye wavu, anagusagusa tu?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mlinzi alikuwa anazima taa, lakini swali lake nimekaa nalo wiki nzima. Nafundisha mpira wa vinyoya, yaani badminton, na hasa mchezo wa wawili wawili, na hakuna jambo gumu kumweleza mtu aliyekaa benchi kama hili: kwamba huyo anayegusagusa ndiye mara nyingi anayeshinda mechi. Leo nataka kulieleza kwa kufuata maisha ya mchezaji mmoja niliyemtazama kwa miaka mingi kuliko mwingine yeyote, Hendra Setiawan wa Indonesia.

Hendra alizaliwa tarehe 25 Agosti 1984 huko Pemalang, Java ya Kati. Amekuwa bingwa wa dunia mara nne, mwaka 2007, 2013, 2015 na 2019. Ana dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008. Ametwaa All England, mashindano ya Uingereza yaliyoanza mwaka 1899, mara mbili: 2014 na 2019. Hebu angalia pengo lililopo kati ya taji lake la kwanza la dunia na la mwisho, miaka 12, katika mchezo unaokula magoti na mabega ya watu kabla hawajafika 30. Na huyu hakuwa na mbio. Smashi yake haikumtisha mtu. Watu waliokuwa na nguvu maradufu walikuja, wakang'ara, wakastaafu, yeye akabaki pale pale mbele.

Ni nini hasa kinachofanyika pale mbele?

Kiwanja cha wawili kina urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Jozi ikiwa inajihami, wachezaji husimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja na nusu yake. Ikishambulia, mmoja hurudi nyuma na mwingine husogea mbele, karibu na mstari mfupi wa kuanzishia, raketi ikiwa juu usawa wa ukanda wa wavu. Wa nyuma anapiga kwa nguvu kuelekea chini, na wa mbele anavizia. Wapinzani wakijaribu kurudisha kinyoya chini chini, anakikatiza. Wakijaribu kukidondosha karibu na wavu, yupo. Wanapokosa njia, hawana budi kukinyanyua juu kuelekea nyuma, na kinyoya kilichonyanyuliwa ni chakula cha yule wa nyuma. Kwa hiyo ukiona smashi inayomaliza pointi, rudi mapigo mawili au matatu uangalie ni nani aliyewalazimisha kunyanyua. Mara nyingi ni yule ambaye hakupigiwa makofi.

Hendra alikuwa na namna yake. Alishika mpini kwa juu kidogo, karibu na shingo ya raketi, ili iwe nyepesi kugeuka. Mkono wake haukuwa na papara: uso wa raketi ulielekea upande mmoja, na kinyoya kikikaribia, vidole vinabana kidogo, uso unageuka, kinyoya kinakwenda kwingine kabisa. Mpinzani alikuwa ameshahamisha uzito wa mwili kwenye mguu usiofaa. Ukitazama mechi zake kwa mwendo wa polepole utaona jambo la ajabu, kwamba mara nyingi huanza kusogea kabla mpinzani hajagusa kinyoya. Anasoma bega na kiwiko. Miguu huchoka kwa umri, lakini kusoma huongezeka, na ndiyo maana nadhani aliweza kucheza mpaka miaka 40.

Halafu kuna kuanzisha, yaani pigo la kwanza la kila pointi. Katika mchezo wa wawili, pigo hili ndilo linaloamua nani atashambulia, na kulifanya vizuri ni kazi ya miaka. Unashika kinyoya kwa ncha za manyoya, kwa vidole viwili, mbele ya tumbo. Tangu 2018 kanuni inataka kinyoya kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati wa kupigwa, na wavu katikati una mita 1.524. Maana yake kinyoya lazima kipande, kipite juu ya wavu kwa nafasi ya kidole, kisha kianze kushuka kabla mpokeaji hajakivamia. Kikipita juu kwa upana wa kiganja, mpokeaji hodari anakuua papo hapo. Pale ukumbini kwetu nafunga kamba kutoka nguzo moja hadi nyingine, juu kidogo ya wavu, na vijana wanaanzisha kupitisha kinyoya kati ya kamba na wavu. Mara 100 kabla ya mechi. Wanalalamika, nami naelewa, kwa sababu hakuna raha yoyote ndani yake mpaka siku ile kinapoanza kupita chenyewe.

Mwenzake wa kwanza mkubwa alikuwa Markis Kido, aliyezaliwa wiki mbili tu kabla yake, tarehe 11 Agosti 1984. Walilelewa katika klabu moja, Jaya Raya ya Jakarta. Kido alikuwa mfupi, mwenye mapaja ya mrukaji, naye ndiye aliyekuwa wa nyuma. Mwaka 2007 walichukua ubingwa wa dunia kule Kuala Lumpur kwa kuwafunga Jung Jae-sung na Lee Yong-dae wa Korea Kusini. Mwaka uliofuata, fainali ya Olimpiki iliwakutanisha na Cai Yun na Fu Haifeng, Wachina, tena kwao Beijing. Fu Haifeng ndiye aliyepimwa smashi ya kilomita 332 kwa saa mwaka 2005. Seti ya kwanza Waindonesia walichapwa 12 kwa 21. Kisha wakabadilisha mchezo. Wakaacha kunyanyua. Kila kinyoya kikawa kifupi, bapa, cha chini, Hendra akiwa amejibandika kwenye wavu, na lile bunduki la Fu likakosa cha kupiga. Seti ya pili 21 kwa 11, ya tatu 21 kwa 16. Nimewaonyesha vijana wangu mechi hii mara nyingi, na kila mara nasimamisha picha mwanzoni mwa seti ya pili.

Hapa niseme kuhusu riziki, maana watu huuliza. Mchezaji wa wawili hugawana. Kwa mgawo uliotumika mwaka 2019, shindano lenye zawadi ya jumla ya dola 1,000,000 lilimpa bingwa wa mmoja mmoja dola 70,000. Jozi bingwa ilipewa dola 74,000, na hizo ni za watu wawili, yaani 37,000 kila mmoja. Mashindano ya Dunia yenyewe hayana zawadi ya fedha, ni medali tu. Riziki ya kweli hutoka kwa wadhamini, klabu na serikali. Na kuna jambo jingine linalouma zaidi: nafasi kwenye orodha ya viwango vya dunia ni ya jozi, si ya mtu. Ukiachana na mwenzako, pointi mlizochuma pamoja haziendi nawe kwa mwenzako mpya. Nadhani hili linaeleza kwa nini wachezaji wa wawili huvumiliana kuliko ndugu, na kwa nini kuachana kwao huwa kuzito hivyo.

Kido na Hendra waliondoka kambi ya taifa ya Cipayung wakawa wachezaji wa kujitegemea, wakitafuta wenyewe nauli na wadhamini. Mwaka 2010 walitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia kule Guangzhou, wakiwafunga Koo Kien Keat na Tan Boon Heong wa Malaysia. Lakini kufikia 2012 walikuwa wamefika mwisho wa njia yao. Olimpiki ya London hawakwenda. Hendra akarudi kambini na kupewa Mohammad Ahsan, kijana wa Palembang, mdogo kwake kwa miaka mitatu, mwenye smashi nzito. Na Ahsan alikuwa anacheza na nani kabla ya hapo? Na Bona Septano, mdogo wake Kido. Indonesia ni nchi kubwa, lakini dunia ya vinyoya ni kijiji.

Jozi hii mpya iliwaka mara moja: ubingwa wa dunia 2013 Guangzhou, All England 2014, ubingwa wa dunia tena 2015, safari hii Jakarta, mbele ya watu wao. Kisha kwenye Olimpiki ya Rio 2016 wakashindwa hata kutoka kwenye kundi. Wakatenganishwa. Hendra alikuwa na miaka 32, na kwa hesabu ya kawaida huo ulikuwa mwisho. Yeye akajitegemea tena, akaungana na Tan Boon Heong, yule yule waliyemnyima dhahabu Guangzhou. Haikuzaa matunda, na sishangai. Watu wawili wenye majina makubwa hawawi jozi kwa sababu ya majina. Kuna mambo yasiyoweza kuharakishwa, kama kujua bila kutazama kwamba mwenzako amechelewa nusu hatua, au kuelewa ishara ya vidole viwili vinavyoonyeshwa nyuma ya mgongo kabla ya kuanzisha.

Mwaka 2018 akarudiana na Ahsan. Mashabiki wakawaita The Daddies, yaani akina baba, kwa kuwa walikuwa na watoto nyumbani na kileleni walikuwapo vijana wa nchi yao wenyewe, Marcus Gideon na Kevin Sukamuljo, waliokuwa wakiwafunga fainali baada ya fainali.

Machi 2019, Birmingham, kwenye nusu fainali ya All England, Hendra aliumia msuli wa kigimbi. Kesho yake aliingia fainali mguu ukiwa umefungwa, akichechemea, dhidi ya Aaron Chia na Soh Wooi Yik wa Malaysia, vijana wenye miguu mizima. Seti ya kwanza wakapoteza 11 kwa 21, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu nitoke. Nikakaa. Kwa sababu katika seti ya pili Hendra aliamua kwamba kwa kuwa hawezi kukimbilia kinyoya, atahakikisha kinyoya kinamjia. Alisimama mbele, hatua moja kushoto, hatua moja kulia, basi. Ahsan akabeba nyuma yote. Kila alipogusa, Hendra alichagua pigo ambalo lilikuwa na majibu mawili tu, na yote mawili yalielekea kwake au kwa Ahsan. Wakashinda 21 kwa 14, kisha 21 kwa 12. Mtu mwenye mguu mmoja alikuwa bingwa wa All England. Kama kuna mechi moja ya kumjibu yule mzazi, ndiyo hiyo.

Agosti mwaka huo huo, kule Basel, walicheza fainali ya dunia na Takuro Hoki na Yugo Kobayashi wa Japani. Matokeo yalikuwa 25 kwa 23, 9 kwa 21, 21 kwa 15. Ilikuwa tarehe 25 Agosti, siku Hendra alipotimiza miaka 35.

Kuna habari moja ambayo bado inanigusa. Tarehe 14 Juni 2021 Markis Kido alianguka akicheza vinyoya huko Tangerang, akafariki. Alikuwa na miaka 36. Wiki chache baadaye Hendra alikuwa Tokyo kwenye Olimpiki na Ahsan. Walifika mechi ya shaba, wakakutana na Chia na Soh tena, wakachukua seti ya kwanza, wakapoteza mbili zilizofuata. Oktoba mwaka huo, kule Aarhus, Indonesia ilitwaa Kombe la Thomas, ubingwa wa dunia wa timu za wanaume, na nahodha alikuwa Hendra. Mwaka 2022 yeye na Ahsan walifika tena fainali ya dunia, hapo hapo Tokyo, wakafungwa na wale wale Wamalaysia. Alikuwa ametimiza 38 siku chache kabla.

Januari 2025 waliagwa pamoja kwenye ukumbi wa Istora, Jakarta, mwishoni mwa Indonesia Masters. Hendra sasa anakaa kiti cha kocha nyuma ya Sabar Karyaman Gutama na Moh Reza Pahlevi Isfahani, jozi nyingine ya kujitegemea, inayopita njia ile ile aliyoipita na Kido.

Basi mzee wangu, ukija Jumamosi, keti upande wa nguzo, si nyuma ya kiwanja. Kinyoya usikifuate. Mtazame mwanao tu, pale alipo mbele, uangalie raketi yake: iko juu au imeshuka? Ikishuka kila baada ya pigo, kazi bado ipo, na nitamrudisha kwenye kamba. Ikibaki juu, hata pale ambapo hajagusa chochote kwa pointi nzima, hesabu ni mara ngapi wale wa upande wa pili wamenyanyua.