Shilingi Kiganjani, Matita Shambani: Tunayokosea Kuhusu Wakulima wa Uskoti Enzi za Mfalme Edward

Mtajie mtu Uingereza ya Mfalme Edward VII, mwaka 1901 hadi 1910, na picha inayomjia ni ya kwenye runinga: jumba la vyumba mia, kengele ya kumwita mtumishi, mabibi wa kofia pana wakinywa chai bustanini. Mwambie ni Uskoti, bwana wa jumba anavishwa kilti, ile sketi ya mistari ya wanaume wa Kiskoti. Mwambie walikuwa watu wa kanisa, basi wote wananuna.

Mimi nimekulia katika kanisa la Kipresbiteri, lile ambalo Waskoti walilipanda Kikuyu, na nakiri kwamba hata sisi tulioachiwa wazee wa kanisa na vikao vyao tunawachora vibaya. Hapa nitabaki kona moja tu, kaskazini-mashariki, Aberdeenshire na majirani zake. Uskoti ina mengi, na ya huku si lazima yawe ya kule.

"Shamba lilikuwa lao"

Mara nyingi halikuwa lao. Ardhi ilikuwa ya kabaila, mkulima alikuwa mpangaji, na mkataba uliozoeleka ulikuwa wa miaka 19. Ukubwa wa shamba watu waliutaja kwa farasi: hili la jozi moja, lile la jozi mbili. Kwenye shamba la jozi moja hakuna wa kumpigia kengele. Baba ndiye anayeshika plau, mama na mabinti ndio wanaokamua, na mtoto hapati kwenda shule kabla hajalisha kuku na kubeba maji.

Palipokuwa na wafanyakazi, vijana ambao hawajaoa walichukuliwa kwa miezi sita sita. Tarehe za kuhama zilijulikana, 28 Mei na 28 Novemba, na kabla ya hapo palikuwa na soko la kuajiriana mjini. Kijana amesimama barabarani na mikono mfukoni. Mkulima anapita, anamtazama mabega, anamuuliza amewahi kushika farasi wangapi na kwa nani. Wanavutana juu ya mshahara, wakikubaliana mkulima anamtia shilingi kiganjani. Shilingi ile ndiyo mkataba wenyewe. Akiifumbata, ameshafungwa miezi sita, hata akikuta chumba alichopewa ubavuni mwa zizi la farasi kinavuja.

Lakini naye mkulima alikuwa na la kuogopa. Miezi sita ikiisha kijana anabeba sanduku lake la mbao na kuondoka, na mdomo wake anaondoka nao. Habari za jiko la mke wa fulani zilifika sokoni kabla yake. Vijana hao walikuwa na nyimbo zao za usiku, na humo shamba lenye chakula kibaya au mkulima mchoyo walitajwa kwa jina. Nyingine zinaimbwa hadi leo.

"Walivaa kilti na kula haggis"

Kilti ya kupalilia tanipu, ile mizizi ya kulisha ng'ombe? Walivaa suruali nzito za kodurai, zimefungwa kamba chini ya magoti ili matope na panya wasipande. Haggis, yaani moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyopikwa ndani ya tumbo lake, ilikuwa ya siku maalumu.

Chakula cha kila siku kilikuwa oti, nafaka ya nchi za baridi. Asubuhi uji mzito wa chumvi, wala si wa sukari. Mikate ya oti iliyokaushwa juu ya bamba la chuma. Na brose, ambayo mtu hujitengenezea mwenyewe mezani: unga wa oti bakulini, chumvi kidogo, maji yanayotokota juu yake, unakoroga kwa mpini wa kijiko mpaka ushikamane, madonge mengine unayaacha makusudi. Maziwa pembeni. Na nyama? Ng'ombe walionona wa eneo hilo walipanda treni kwenda kuliwa London. Aliyewalisha tanipu majira yote ya baridi alikuwa akinywa supu ya kabichi na shayiri.

"Walisema Kigaeli"

Sensa ya 1901 ilikuta wasemaji wa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti, karibu 230,000 katika nchi ya watu milioni 4.5 hivi, na wengi wao walikuwa milimani na visiwani magharibi. Mkulima wa Aberdeenshire alisema Kiskoti cha kwao, ambamo mvulana ni *loon* na msichana ni *quine*. Biblia ilikuwa ya Kiingereza, na mwalimu alitaka Kiingereza. Mtoto alibadilisha ulimi mlangoni mwa shule, jambo ambalo sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa.

Shule yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Sheria ya 1872 iliwalazimisha watoto wote kusoma kuanzia miaka 5 hadi 13, na mwaka 1901 umri wa kumaliza ukasogezwa hadi 14. Ni kweli viti vilibaki vitupu msimu wa kuchimba viazi, tena mwalimu akijua. Hata hivyo, fikra ya mkulima asiyejua kusoma iweke kando. Nyumba iliyokuwa na Biblia na gazeti la wiki ilikuwa nyumba ya kawaida, na mtoto wa shambani mwenye kichwa chepesi aliweza kushindania ufadhili wa Chuo Kikuu cha Aberdeen. Alexander Mackay, ambaye Waganda wanamkumbuka kama mmisionari fundi, mwenye mashine ya kuchapa na nyundo, alizaliwa 1849 huko huko, kijiji cha Rhynie, baba yake akiwa mchungaji. Na jina la Thogoto, penye misheni ambayo Kanisa la Scotland liliichukua mwaka 1901, ni ulimi wa Kikuyu ukijaribu kutamka "Scot".

"Kanisa lilikuwa moja, na mkuu wake ni Mfalme"

Huko ni England. Kanisa la Scotland halikuwa na askofu wala mfalme juu yake. Liliongozwa na wachungaji na wazee kwenye vikao, na Mfalme akija alikaa kwenye benchi kama waumini wengine.

Na umoja haukuwepo kabisa. Mwaka 1843 mamia ya wachungaji walilihama Kanisa la Scotland na kuunda Kanisa Huru. Mwaka 1900 sehemu kubwa ya Kanisa Huru iliungana na Wapresbiteri wengine kuwa United Free Church. Wachache waliokataa muungano wakaenda mahakamani, na mwaka 1904 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likawapa mali yote: makanisa, nyumba za wachungaji, vyuo. Kundi dogo likajikuta na majengo ambayo halikuweza hata kuyajaza, na mwaka uliofuata Bunge likalazimika kutunga sheria ya kugawana. Kwa hiyo Jumapili asubuhi familia mbili jirani, zinazoazimana farasi wiki nzima, ziliweza kupishana njiani zikielekea makanisa tofauti yanayosoma Biblia ile ile.

"Walikuwa watakatifu, na hawakujua kucheka"

Hili lina pande mbili na zote zina kasoro. Krismasi ni kweli hawakuisherehekea; ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, na Uskoti haikuifanya sikukuu ya umma hadi 1958. Shangwe waliiweka mwisho wa mwaka. Usiku wa Hogmanay, yaani mkesha wa Mwaka Mpya, walingoja nani atavuka kizingiti kwanza baada ya saa sita, wakiomba awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, ndipo mwaka uwe wa heri. Wazee wa kanisa nao walingoja.

Utakatifu? Watunza farasi walikuwa na chama cha siri. Kijana aliitwa usiku ghalani, aje na mkate na chupa ya wiski, afungwe macho, aapishwe, apeane mkono na "Shetani", yaani kijiti kilichovikwa ngozi yenye manyoya au mguu wa ndama, ndipo apewe neno la kuwatawala farasi. Jumapili inayofuata anaweza kuwa yupo kanisani anaimba Zaburi. Banffshire, kaunti ya jirani, ilijulikana Uskoti nzima kwa wingi wa watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Sababu si ngumu: vijana wanahama kila miezi sita, na mashamba mengi hayana nyumba ya mfanyakazi mwenye mke. Enzi za mababu zao mkosaji alikalishwa mbele ya kanisa zima. Kufikia miaka hii mambo yalizoea kumalizwa ndani ya kikao cha wazee.

"Jumapili hawakugusa kazi"

Ng'ombe hajui Sabato. Katekisimu Fupi, maswali 107 ambayo watoto waliyakariri mpaka usingizini, katika swali la 60 iliacha mlango wazi kwa kazi za lazima na za rehema, na kwenye mlango huo walipita ng'ombe wote wa Aberdeenshire. Kukamua, kulisha, kutoa samadi kwa kiasi cha kumfanya mnyama alale pakavu: ruksa. Kunyoa ndevu, kung'arisha viatu, kumenya viazi: kwa wale walioishika Sabato kwa ukali, hapana.

Ndiyo maana Jumamosi usiku ilikuwa na kazi kuliko siku zote. Viatu vya nyumba nzima vinapangwa karibu na moto. Maji ya siku mbili yamechotwa, tanipu za siku mbili zimekatwa. Baba ananyoa kwa wembe mbele ya kioo kidogo huku mtu akimshikia taa. Supu inapikwa kabisa, ya kupashwa tu kesho yake.

Kesho yake walitembea kwenda kanisani, au walikwenda kwa mkokoteni wa farasi, na pipi za mnanaa mfukoni za kuvumilia mahubiri. Lakini sioni hapo ndipo imani yao ilipopimwa. Mfikirie mkulima mwezi Septemba. Oti zimekatwa na miganda imesimamishwa kwa matita, na mvua imenyesha tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili inakucha bila wingu, upepo mkavu unavuma, siku ambayo mtu angevuna na kubeba kila kitu hadi jioni. Kodi ya kabaila imo kwenye matita hayo. Anapita kando yake akiwa na suti nyeusi, wanawe nyuma, anapenyeza mkono ndani ya mganda kuhisi kama umekauka.

Umekauka. Anautoa mkono, anaufuta kwenye koti, wanaendelea na safari.