Kitanda Kikae Wapi? Tunayoambiwa Kuhusu Feng Shui, na Ukweli Wake

Ukihamia chumba cha ploti Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu siku hizi, godoro halijashuka kwenye mkokoteni na tayari kuna mtu amekutumia video: kichwa huku, miguu kule, la sivyo pesa zitakukimbia. Yote huitwa feng shui. Hiyo ni elimu ya Wachina ya karne nyingi, na maandishi yake ya kale yanashughulika sana na mahali pa kuzika na pa kujenga. Mengi yanayozunguka kwenye simu zetu si yake, na mengine ni yake lakini yalitungiwa nchi yenye baridi kali.

“Feng shui inakataza kulaza kichwa kaskazini.”

Katazo hilo ni la Vastu, elimu ya ujenzi ya Wahindi, watu wamezichanganya. Katika feng shui ya dira, mwaka uliozaliwa na jinsia yako hutoa nambari, na nambari hiyo hukutia katika kundi la mashariki au la magharibi. Kila kundi lina pande nne njema kati ya nane, na kwa watu wa kundi la mashariki, kaskazini ni mojawapo. (Mume na mke wakiangukia makundi tofauti, sijui nani alale sakafuni.) Ile hadithi ya sumaku ya dunia kuvuta chuma kilicho kwenye damu nayo haina msingi. Chuma cha damu hakivutwi kama msumari, na sumaku ya dunia ni hafifu zaidi huku karibu na ikweta kuliko kwenye ncha zake.

“Chumba chema hutazama kusini.”

Kwa Wachina ni kweli: wakati wa baridi jua lao liko kusini na upepo mkali hutoka kaskazini. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua hupita utosini Machi na Septemba. Kati ya miezi hiyo miwili liko kaskazini, na Desemba liko kusini. Ukuta wa kuangalia hapa ni wa magharibi. Ukiwa wa mawe hupigwa na jua alasiri nzima, na saa tatu usiku ukiuegemeza mgongo bado una joto. Kichwa kipeleke ukuta mwingine. Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, joto hilo hilo ni neema.

“Miguu ikielekea mlango, unajiitia kifo.”

Chanzo chake ni desturi ya Wachina ya kutoa maiti nyumbani miguu ikitangulia. Hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Ila kanuni iliyo nyuma yake ndiyo ninayoikubali kuliko zote: lala mahali unapouona mlango bila kuwa mkabala nao, na ukuta mzima kichwani. Mlango wa ploti hufunguka moja kwa moja kwenye korido, na kila anayepita kwenda bafuni anakumulika. Kitanda cha nne kwa sita kikiwekwa kona ya mbali, mshazari na mlango, taa ya korido haikupigi usoni.

“Usilale chini ya boriti.”

Hii ni feng shui halisi. Wanasema boriti humkandamiza anayelala. Lakini kwenye chumba cha mabati kisicho na silingi, boriti ndipo panapofungwa neti, na kaunti za ziwani malaria haijaisha. Neti ya duara ina ndoano moja tu, na ndoano ikikaa pembeni, upande mmoja wa neti hukaza na kumgusa aliyelala. Kiwiko kikilala kwenye neti, mbu anauma akiwa nje. Kwa hiyo ndoano iwe juu ya katikati ya kitanda, yaani boriti ndiyo inayoamua kitanda kikae wapi. Acha nafasi ya kiganja kati ya godoro na ukuta ili neti ishuke na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kanuni ya kuacha pande mbili za kitanda wazi kwa ajili ya wanandoa ni nzuri kwa mwenye chumba kikubwa. Kumi kwa kumi haiwezekani.

“Kioo mbele ya kitanda huleta mpango wa kando.”

Kikikushtua usiku, kifunike leso.

“Ni mambo ya kishetani.”

Feng shui ina mizizi katika Kidao, falsafa ya kale ya Wachina, lakini kusogeza kitanda si ibada. Na kupanga makao kwa maana si jambo geni huku: katika boma la Mjaluo nyumba ya mke wa kwanza hutazamana na lango.

“Kona ya kushoto kabisa ukiingia ni ya mali.”

Huo ni mpangilio wa dhehebu moja tu la feng shui, la mwalimu Lin Yun, lililoenea Marekani kuanzia miaka ya 1980. Wanaotumia dira hawaufuati. Katika ploti nyingi kona hiyo ina jiko, na kama ni la makaa, usilale nalo likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua. Watakuuzia pia mwanzi wa bahati wa kuweka hapo. Si mwanzi. Ni mmea wa jamii ya dracaena, na kwao ni Afrika ya Kati, kule Kameruni.